Kucha fupi, pana na bapa: gundi haina kosa

Swali: Shikamoo dada. Nina miaka miwili kwenye kazi ya kucha na kuna mteja mmoja ananishinda. Kucha zake ni fupi, pana na zimelala bapa kabisa. Kidole gumba ndiyo balaa, upana umezidi urefu. Zamani alikuwa anazing'ata, sasa anasema ameacha. Anataka kucha ndefu. Nimembandika tipu (zile ncha za plastiki) mara tatu: mara ya kwanza zilikaa siku tano, ya pili nne, ya tatu mbili. Kabla hazijaruka naona weupe katikati kama hewa imeingia. Nikiongeza akriliki (ile poda na kimiminika chake vinavyoganda) ili zishike, zinakuwa kama koleo na yeye mwenyewe anazicheka. Nibadilishe gundi, au kuna kucha ambazo hazibandikiki?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kucha hizo zinabandikika, na gundi yako iache kama ilivyo. Umetaja jambo ambalo mafundi wengi hulipita bila kuliangalia mara mbili: huo weupe wa katikati. Tuanzie hapo.

Chukua tipu ya aina ile ile uliyotumia mara ya mwisho. Iweke juu ya ukucha wake bila gundi na bila kuikandamiza, kisha inua kidole hadi usawa wa jicho ukitazame kwa mbele, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Utaona tipu imekaa kama daraja: miguu miwili imegusa pembeni, na katikati kuna upenyo unaopitisha mwanga. Sasa ikandamize kwa kidole chako. Upenyo unapotea, tipu inalala, pembeni inatanuka. Achia. Inarudi kwenye upinde wake palepale.

Hicho ilichokufanyia mbele ya macho ndicho inachokifanya chini ya gundi usiku na mchana, mteja akifua, akilala, akichati na simu. Gundi inaizuia siku tatu, nne, lakini plastiki haichoki kutaka kurudi ilikotoka. Siku gundi inapolegezwa na maji, katikati panainuka, hewa inaingia, nawe unaona weupe. Baada ya hapo ni suala la saa tu. Na ukitafuta gundi kali zaidi, tipu itaanza kuvuta ukucha wenyewe. Mteja atakuambia vidole vinamuuma usiku, na tipu ikitoka itaondoka na tabaka la ukucha wake.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza kwenye ukucha bapa ni upinde. Upana unafuata. Sote tulifundishwa kuchagua tipu kwa kuangalia upana: inagusa huku, inagusa kule, basi ndiyo saizi. Kwa ukucha wenye mgongo wa asili, ule unaofanana na kigae, hilo linatosha. Kwa ukucha bapa, tipu yenye upana sahihi inaweza kuwa na upinde uliozidi. Panda saizi moja au mbili juu (kwenye boksi nyingi namba ndogo ndiyo tipu pana, sifuri ikiwa pana kuliko zote), utapata tipu iliyolala zaidi. Kisha ipunguze pembeni kwa tupa, kidogo huku na kidogo kule, mpaka itoke mfereji wa pembeni hadi mfereji wa pili bila kupanda juu ya nyama. Inachosha, najua. Kucha kumi zinaweza kukuchukua dakika ishirini kabla hujafungua gundi. Zipange juu ya taulo kwa mpangilio wa vidole, kidole gumba hadi cha mwisho, ili usizichanganye baada ya kazi yote hiyo. Jaribio la mwisho ni lile lile la mwanzo: iweke kavu, usiikandamize, chungulia. Mwanga ukipita, bado hujamaliza.

Usikubali kamwe kushuka saizi ili ukucha uonekane mwembamba. Najua kishawishi hicho. Tipu nyembamba juu ya ukucha mpana inaacha mabega mawili ya ukucha wa asili nje, na mpasuko huanzia hapohapo kwenye bega.

Jambo la pili kuhusu tipu ni ile sehemu yake ya nyuma inayopakwa gundi. Kwenye ukucha wa kawaida inafunika robo au theluthi ya ukucha. Kwenye ukucha mfupi inaweza kumeza nusu nzima. Maana yake akriliki yako inabaki na kipande kidogo tu cha ukucha halisi cha kushikilia, na sehemu nyingine yote imekaa juu ya plastiki iliyokaa juu ya gundi. Ikate sehemu hiyo kabla ya kubandika. Ipunguze kwa mkasi mdogo au tupa ibaki ukanda mwembamba, usiozidi theluthi ya ukucha. Ukiibandika, ianze ikiwa imesimama kidogo, ukingo wake ugote kwenye ncha ya ukucha, ndipo uilaze polepole ukiisukuma hewa itokee nyuma. Shikilia sekunde kumi bila kuhamahama.

Hayo yote nimeyasema kwa sababu umeuliza kuhusu tipu. Kwa mteja huyu mimi binafsi nisingetumia tipu, hasa kwenye kidole gumba, ambacho pengine hata namba sifuri haikitoshi. Ningetumia fomu, ile karatasi inayowekwa chini ya ncha ya ukucha ili ujenge urefu juu yake, kisha unaitoa. Nitafika huko. Kwanza urefu.

Amekuambia anataka ndefu. Ukucha wa kubandika ni wenzo. Sehemu iliyoshikana na ukucha wa asili ndiyo mzizi wake, na sehemu iliyovuka nyama ndiyo mpini ambao dunia nzima inaugonga: mlango wa gari, kitasa, zipu ya suruali. Mpini ukiwa mrefu kuliko mzizi, kugongwa kidogo tu mbele kunazaa nguvu kubwa ya kunyanyua nyuma. Mteja mwenye ukucha wa milimita kumi na tano anaweza kuvuka nyama kwa milimita kumi na asipate shida. Mteja wako, mwenye ukucha wa milimita tisa, ukimvusha kumi umemtengenezea kitu cha kujing'olea ukucha. Mwanzo mvushe milimita nne au tano. Kwa kidole gumba punguza hata hapo. Sehemu inayoning'inia isizidi sehemu iliyoshikwa, na kwa ukucha bapa afadhali iwe nusu yake.

Atanung'unika. Mweleze ukweli huu, kwa sababu una habari njema ndani yake: kwa mtu aliyekuwa anang'ata, ufupi wa ukucha si wa kudumu. Ukucha uking'atwa miaka mingi, sehemu ya waridi iliyoshikana na nyama inarudi nyuma. Ukiachwa utulie chini ya jeli au akriliki ambayo meno hayaiwezi, waridi linaanza kusogea mbele tena. Kucha za mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, na ukucha mzima hujibadilisha kwa miezi minne hadi sita. Kwa hiyo urefu anaoutaka leo anaweza kuupata kwa awamu, kila anapokuja kujaza pengo linalobaki nyuma ukucha unapokua unaongeza kidogo, huku mzizi nao unaongezeka. Nimewaona wateja ambao baada ya nusu mwaka hata mimi mwenyewe nimesahau walivyoanza.

Upana ni habari nyingine. Upana wa ukucha unatokana na upana wa mzizi wake ndani ya kidole, na hakuna mafuta wala tupa itakayoubadilisha. Kwa baadhi ya watu kidole gumba kinakuwa kifupi na kipana kwa sababu mfupa wa mwisho wa kidole ulimaliza kukua mapema, jambo la kurithi lisilo na madhara yoyote. Muulize mteja wako mama yake au shangazi yake ana kidole gumba cha namna gani, mara nyingi utasikia kicheko. Usimuuzie ahadi ya kukifanya kiwe chembamba. Muuzie jicho la watu, ambalo linadanganyika kirahisi.

Sasa maandalizi, kwa kifupi, kwa kuwa unayajua. Kuna kitu kimoja tu cha kuongeza. Juu ya kucha pana, ile ngozi nyembamba iliyokufa inayotambaa kutoka mzizini huwa imeenea mbali kuliko unavyodhani, hasa kwenye kona mbili za nyuma. Ilainishe kwa maji ya kulainishia, sukuma kwa pusha, kwangua taratibu kwenye kona. Unaweza kupata milimita nzima ya ukucha halisi uliokuwa umefichwa, na kwa ukucha wa milimita tisa hiyo ni mali. Usikate ngozi hai inayolinda mzizi. Ondoa mng'ao kwa tupa laini, namba 180 au zaidi, wala usitumie ile kali, maana ukucha uliong'atwa ni mwembamba tayari. Kausha, praima (kile kimiminika cha kusaidia kazi ishike) kidogo mno, basi. Kama pembeni kuna kidonda kibichi cha kung'ata, mrudishe nyumbani. Aje kikipona.

Fomu.

Mafundi wengi huikwepa kwenye kucha hizi kwa sababu waliibandika kama ilivyotoka kwenye karatasi yake, ikakataa. Mdomo wa fomu umekatwa mviringo kwa ajili ya ukucha mwembamba wenye upinde. Ukiusukuma chini ya ukucha mpana uliolala, katikati unagota kwenye nyama na pembeni panabaki mianya miwili. Akriliki inapita kwenye mianya hiyo, inaganda chini, na ukiitoa fomu unakuta vipande viwili vya ajabu vimening'inia kama meno.

Kata mdomo. Weka fomu karibu na ncha ya kidole, tazama mstari wa nyama chini ya ukucha umepindaje, kisha panua mdomo kwa mkasi mdogo ufuate mstari huohuo: mpana zaidi na usio na kina. Kata kidogo, jaribu, kata tena. Mara ya tatu au ya nne utaona karatasi imekaa chini ya ukucha kama imezaliwa nayo, haina mwanya hata wa unywele. Ukishapata kipimo cha kidole gumba chake, kichore kwenye kadi yake ya mteja, safari ijayo hutahangaika. Kabla ya kubandika, izungushe fomu kwenye mpini wa brashi ili ipate upinde. Hapa ndipo fomu inapoishinda tipu: upinde wa mbele unauamua wewe, kisha nyuma unaiacha ilale kama ukucha ulivyolala, na kati ya hayo mawili inabadilika polepole. Tipu haiwezi hivyo.

Ibandike ukiangalia pande tatu. Kwa juu, mstari wa katikati wa fomu uelekee kwenye kifundo cha kidole, usifuate ukucha kama ukucha umeegemea upande. Kwa ubavuni, fomu iendelee na mstari wa ukucha, isiinue pua wala kuinamisha. Kwa mbele, upinde uwe sawa kulia na kushoto.

Vidole vilivyong'atwa vina ugumu wake. Hakuna ncha ya ukucha ya kuingizia fomu chini, na nyama ya ncha ya kidole imejaa mbele kama kizingiti. Usilazimishe. Fanya kwa hatua mbili. Kwanza tega fomu ikigusana na ukingo wa ukucha, weka donge dogo la akriliki, au jeli ya kujengea, kwenye ukingo tu, upate mdomo mpya wa milimita moja au moja na nusu. Uache ugande. Toa fomu, nyoosha huo mdomo kwa tupa. Sasa una ncha. Chukua fomu ya pili, iingize chini ya mdomo huo, mwambie mteja asukume nyama ya kidole chini kwa kidole chake kingine, na ujenge kama kawaida. Dakika mbili zaidi kwa kidole, lakini ndizo zinazotofautisha kucha za wiki tatu na kucha za siku tatu.

Kuhusu koleo. Chukua karatasi ya kawaida, ishike kwa ncha moja tu ikiwa imelala. Inainama mara moja. Sasa ikunje kidogo kwa urefu katikati ipate mfereji, ishike tena: inasimama, na unaweza hata kuiwekea kalamu juu. Ukucha wenye upinde ni karatasi ya pili. Ukucha wa mteja wako ni ya kwanza. Wewe uliona hauna nguvu ukaongeza unene kila mahali, na unene wa kila mahali ndio koleo. Ulichotakiwa kuongeza ni umbo.

Jenga mgongo. Sehemu ya juu kabisa ikae karibu na katikati ya urefu wote, nyuma kidogo ya mstari ambapo nyama inaishia na ncha inaanza, kwa kuwa hapo ndipo panapobeba kila kishindo. Hapo unene wa milimita moja hadi moja na nusu unatosha. Kutoka hapo ishuke pande zote nne: kuelekea mzizi hadi iwe kama haipo, kuelekea pembeni, na kuelekea ncha hadi unene wa kadi ya benki. Pembeni ndiko mafundi wanakoharibu. Ukiacha unene pembeni, ukucha mpana unaongezewa upana na macho yanauona kwanza huo ukuta. Ukiupeleka unene katikati, mwanga unakimbilia mgongoni, pembeni panaingia kivuli, na ukucha uleule unaonekana umepungua.

Kuhakikisha, weka koti la kumalizia lenye mng'ao, kisha tazama mstari wa taa unavyoakisiwa juu ya ukucha huku ukigeuza kidole taratibu kutoka ubavu mmoja hadi wa pili. Mstari ukitembea kwa utulivu bila kukatika, mgongo uko sawa. Ukirukaruka au kuvimba sehemu, hapo pana tuta au shimo. Afadhali ufanye hivi kabla ya rangi, hata kwa kupaka maji tu.

Kubana kwa kibano ili kupata upinde: fanya, lakini fanya kwenye sehemu iliyovuka nyama peke yake. Akriliki ibane inapopoteza mng'ao wa unyevu, ukiigusa haishiki kidole lakini bado inakubali kusukumwa. Jeli igandishe kwa sekunde chache tu kwenye taa yake ya kugandishia, bana, kisha iingize tena na kibano kikiwa juu yake imalize kuganda. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi nilimbana mteja mwenye kucha bapa kuanzia nyuma, juu ya nyama, nikidhani nampa upinde wa bure. Alipotoka zilikuwa nzuri mno, nikazipiga picha. Siku ya tatu akarudi vidole vinampwita, na chini ya kucha mbili kulikuwa na weupe: ukucha wa asili ulikuwa umeachana na nyama kwa kulazimishwa kukunjika. Ilichukua miezi kurudi. Picha niliifuta. Ukucha bapa uache bapa pale ulipokaa juu ya nyama, upinde uanzie mbele.

Umbo la ncha lina kazi yake. Mraba mkali juu ya ukucha mpana na mfupi unazidisha upana, huo ukae mbali naye. Umbo la lozi au mviringo ndilo rafiki yake. Akisisitiza kuwa na ncha bapa, mpe kona laini na pembeni zikivutwa ndani kidogo kuelekea mbele. Kama kucha zake zinatanuka kadiri zinavyokwenda mbele, kama kipepeo, kuna hatari ya kuzifuata: ukiendeleza mistari ya pembeni jinsi ilivyo, utapata upawa. Zinapovuka nyama zigeuze ziende sambamba, halafu ndipo zianze kukutana. Kupunguza huko kufanyike kwenye jeli au akriliki, usiingize tupa kwenye ubavu wa ukucha wake wa asili hata kidogo. Ukiupunguza hapo unakuwa umekata mguu wa meza.

Halafu kuna ujanja ninaoupenda kuliko yote, nao unahitaji jeli au poda ya waridi zito inayofunika. Waridi lake halisi ni fupi, ndilo linalofanya kidole kizima kionekane kifupi. Usiliache liishie linapoishia. Weka waridi la kufunika kutoka mzizini hadi kuvuka mstari halisi kwa milimita mbili au tatu, kisha ndipo uanze nyeupe au rangi yoyote ya ncha. Mtu akitazama anaona waridi refu na ncha fupi, ukucha wa mtu aliyezaliwa na vidole virefu. Tahadhari moja: usifanye ncha nyeupe nene yenye kupinda sana, inakula waridi uliloliongeza. Nyembamba, yenye kina pembeni, inatosha.

Akitaka rangi moja tu, acha nafasi nyembamba kama uzi bila rangi kila upande, usipake hadi kwenye mfereji. Rangi za kukolea hupunguza, rangi za maziwa hutanua. Mapambo yaende kwa urefu, mstari wa wima katikati, kamwe usiukate ukucha kwa mstari wa mlalo.

Sasa kitu ambacho hukuniuliza. Kwenye ukucha mdogo, jeli au akriliki inafurika juu ya ngozi kirahisi kuliko kwenye ukucha mwingine wowote, kwa sababu eneo ni dogo na fundi anajaza. Ngozi inayoguswa tena na tena na jeli ambayo haijaganda inaweza kupata mzio, na mzio huo hauondoki. Mtu anaanza kwa kuwashwa pembeni ya kucha, anaishia kushindwa kuvaa kucha za aina hiyo maisha yake yote, na familia ya kemikali hizo inatumika pia kwenye vijazio vya meno. Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni kwamba bidhaa za kucha zenye HEMA, mojawapo ya kemikali zinazoleta mzio huo, zitumiwe na mafundi tu na ziandikwe onyo. Kwa hiyo acha nafasi ya nusu milimita kati ya kazi yako na ngozi, pande zote. Ikigusa, ifute kabla ya taa, usisubiri ukaisage baadaye. Na nawe vaa glavu, maana wewe unaigusa kila siku, yeye mara moja kwa wiki tatu. Tandaza tabaka nyembamba, kwani jeli nene kwenye ukucha uliong'atwa inaunguza ikiwa ndani ya taa, na mteja anavuta mkono ghafla.

Akriliki ya bei ya kutupa yenye harufu kali isiyo ya kawaida, inayogoma kulainika hata ukiiloweka kwenye asetoni, inaweza kuwa na kemikali iitwayo MMA (methyl methacrylate). Marekani ilianza kuiondoa sokoni mwaka 1974 baada ya watu kuumia kucha. Inashika kwa ugumu kiasi kwamba kishindo kikija, kinachovunjika ni ukucha wa mtu. Kwa mteja mwenye mzizi wa milimita tisa sihitaji kueleza zaidi.

Mwangalie pia kama bapa yake ni bapa ya kweli. Weka tone moja la maji juu ya ukucha wake mtupu. Likitiririka, sawa. Likikaa limetulia kama kwenye kijiko, ukucha umebonyea, na kucha zilizobonyea zinaweza kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Kama amezaliwa nazo hivyo, huenda ni maumbile yake tu. Kama anasema zamani hazikuwa hivi, mwombe apime damu kwanza, kucha zitasubiri. Vilevile usifunike ukucha wenye doa la kijani au ulioachana na nyama.

Safari ya kwanza ya kujaza usimpe wiki tatu. Aje siku ya kumi hadi kumi na nne, kwa kuwa kadiri ukucha unavyokua, mgongo uliojenga unasogea mbele, na kwenye ukucha mfupi milimita moja na nusu ya kusogea inauondoa kabisa mahali pake. Kujaza nyuma tu hakutoshi: punguza mbele, ujenge mgongo upya palipo na mzigo. Na akiketi, kabla hujashika tupa, geuza mkono wake utazame kucha kwa chini, ukianza na kidole gumba. Pakiwa safi, hakuna mstari mweupe wala uchafu ulioingia kati ya ukucha na kazi yako, fomu ilikaa vizuri na unaweza kumwongezea milimita moja. Ukiona mstari pembeni upande mmoja, siku hiyo usiongeze urefu. Toa hicho kidole, kata mdomo wa fomu upya upande huo, anza tena.